Mgongaji wa Bonde la Masaki

Ko. Ko. Ko. Mapigo matatu mazito, kisha ndege wote wa bondeni wakanyamaza. Nilikuwa sijauona hata mti mmoja wa kuulinda, maana ndiyo kwanza tulikuwa tunashuka kilima kuingia msituni, mimi na Mlinzi Mkuu, asubuhi yangu ya kwanza kazini. Kofia ya serikali ilinibana, viatu vilinichubua, na furaha ya ajira ilikuwa bado imenijaa kifuani.

"Nani anakata mti?" niliuliza.

"Shoka halilii hivyo," alijibu Mlinzi Mkuu, mtu mzima wa Mlandizi ambaye mswaki haukumtoka mdomoni. "Huyo ni Yule. Watu wa Masaki hawamtaji zaidi ya hapo. Wanasema ana umbo la mtu na manyoya ya nyani, na anagonga mashina kwa gogo. Wewe tembea."

Nilitembea, lakini masikio niliyaacha pale pale.

Ninyi vijana mnaosoma haya hamkuiona kazi yetu ya wakati wa Mwingereza. Mlinzi wa msitu alitunza mkuza, yaani njia iliyofyekwa kuuzunguka msitu ili kila mtu ajue shamba lake linapokoma. Tena alipiga chapa. Tulipewa nyundo yenye herufi kichwani, na mti usio na alama ya nyundo ile haukatwi hata na mwenye kibali. Kabla ya chapa tuliupima mti kwa sauti. Unaugonga kwa upande butu wa shoka, sikio umelilaza kwenye gome. Mvule mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Wenye pango hulia kama ngoma, na huo tuliuacha. Sasa fikiria umegonga mvule wako, umeinama unasikiliza, na ng'ambo ya bonde kitu kinakujibu. Nywele zilikuwa zinanisimama. Nilitamani kukimbia, na nilitamani kukimbilia kule kule sauti ilikotoka.

Nilihamishiwa Janga, kisha Misugusugu, kwa wakubwa waliopenda mikuza iliyonyooka na salamu ya kubana visigino. Huko aliyegonga miti alikuwa kigong'ota peke yake. Niliporudishwa Kisarawe, kwenye bonde lile lile la Masaki, nilikuwa Mlinzi Mkuu mwenyewe, chini ya Bwana Misitu mpya, Mwingereza mrefu aliyejua Kiswahili na aliyependa ubishi kama watu wengine wanavyopenda chai.

Siku hizo Mzee Kondo, mpasua mbao wa Masaki, mtu wa sala tano ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiongeza chumvi katika maneno, alitoka bondeni mchana akiwa ameacha msumeno wake ndani ya mti. Nilimpeleka ofisini.

"Alikuwa amesimama kwenye mizizi ya mvule," alisema Kondo. "Kimo changu. Mabega yamenizidi. Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni chumbani kwake."

"Mkia?" aliuliza Bwana Misitu.

"Sikuona mkia, Bwana. Wala sikumwomba ageuke."

Bwana Misitu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatutolea hoja zake, na hazikuwa hoja za kijinga. "Mnyama hawi mmoja tu duniani. Akiwepo huyu, ana mama, na mama yake alikuwa na mama. Wote wanakula, wote wananya, wote wanakufa. Mifupa yao iko wapi?"

"Wewe umewahi kukuta mifupa ya nguruwe aliyejifia msituni?" nilimuuliza.

Alifikiri. "La. Siafu na fisi hawaachi kitu."

"Basi."

"Hiyo inaonyesha kwamba anaweza kuwapo, Ramadhani. Haionyeshi kwamba yupo." Hata hivyo nilimwona macho yanamng'aa. Alituambia kwamba sokwe wa kule Kigoma hupiga mizizi ya miti mikubwa ikalia, na kwamba hajapata kusikia sokwe huku pwani. Je, kama zamani misitu iliungana? Je, kama wachache walibaki, au kama ni ndugu yao mwingine asiyejulikana? Tulishuka bondeni siku ile ile, sisi watatu, tukitembea kwa haraka kama watoto walioahidiwa ngoma. Kando ya kijito tulikuta unyayo katika tope. Kisigino kipana, kidole gumba kimetengana na vingine. Bwana Misitu alipiga magoti, akaweka kiganja chake kando yake. Alitaka kurudi na jasi amimine, apate umbo lake. Mvua ilitangulia, ikaufuta.

"Bado tuna shahidi," aliniambia tulipotoka tumelowa. "Kondo akisimama mbele ya wakubwa akasema hivi alivyosema, nitaomba bonde hili lifungwe. Shoka lisiingie mpaka tujue."

Sikupata kuipenda kazi yangu kama wiki zile.

Lakini Kondo alikuwa shahidi wa jambo jingine pia. Bi Zena, mjane jirani yake, alikuwa ameshtakiwa na mnunuzi mmoja wa korosho aliyedai kwamba nusu ya shamba, ile yenye mikorosho inayozaa, ni yake. Marehemu mume wa Zena alipanda minyaa kuonyesha mpaka, na sasa minyaa ilikuwa imeng'olewa. Kati ya walioiona ikipandwa, aliyekuwa hai alikuwa Kondo peke yake.

Kesi ilisikilizwa na Liwali, Kisarawe. Mimi niliitwa kwa sababu shamba lilipakana na mkuza wetu, na Bwana Misitu alikuja kusikiliza. Mnunuzi hakungoja Kondo aapishwe.

"Bwana Liwali, huyu ndiye shahidi wa Zena? Si ndiye aliyeona nyani amesimama kama tarishi anasubiri barua? Leo ameona mpaka, kesho ataona harusi ya vima."

Watu wakaangua kicheko. Liwali, mzee mpole lakini mwenye haraka, aliwanyamazisha, akamgeukia Kondo.

"Maneno haya yamefika hadi kwangu. Nijibu kwanza hili, nijue naongea na mtu gani. Ulimwona au hukumwona?"

Bwana Misitu alisogea mbele kwenye benchi. Kondo alimtazama Bi Zena, aliyekuwa ameketi mkekani na ushungi wake umefunika nusu ya uso.

"Sikuona kitu, Bwana Liwali," alisema. "Jua lilikuwa kali, nami sijala. Ni kivuli."

Ndipo msahafu ulipotolewa kabatini. Kondo aliupokea kwa mikono miwili, akaapa, na kuhusu mpaka alieleza mnyaa mmoja mmoja, sauti haikutetemeka hata kidogo. Shamba likabaki kwa Zena.

"Shahidi amekana," Bwana Misitu aliniambia pembeni, uso umemshuka. "Siwezi kufunga bonde kwa ajili ya kivuli."

Kibali cha kukata miti ya bonde kilitolewa, na chapa nilipiga mimi. Niligonga kila mvule na kusikiliza, nikagonga tena. Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama Yule alikuwapo kweli. Nawaambia kwamba hoja za Bwana Misitu sijaweza kuzivunja. Nawaambia pia kwamba niliuona unyayo, na kwamba Kondo alikana kabla msahafu haujafika mkononi mwake. Nikifika hapo damu hunichemka kama ya kijana, nikataka kuvaa viatu nishuke bondeni, ingawa najua siku hizi kule ni mihogo mitupu.

Siku ile ya hukumu watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata Kondo akiwa ameshafika mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba, mwanangu."

"Na ule unyayo tuliouona pamoja?"

Alivaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa.

"Yule ana msitu mzima, mwanangu. Zena ana shamba moja."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.