Bustani ya mvua na mbuzi wa Mama Habiba

Leo nimegombezwa kwa kuokoa ukuta wa jirani.

Kila mvua ikinyesha hapa Garissa, maji ya paa langu humomonyoa ukuta wa udongo wa Mama Habiba. Nikachimba bonde dogo uani, nikapanda nyasi ziyanywe maji hayo: bustani ya mvua.

Asubuhi imenyesha. Ukuta mkavu kabisa! Nikaacha taipureta niliyokuwa nikiandikia, nikatoka kupokea shukrani.

Mama Habiba akaja na ndoo tupu.

"Walaal, ndugu yangu, maji yangu yako wapi?"

Kumbe nyuma ya ukuta ana shimo la kuyakinga. Mbuzi wake hunywa humo.

"Na ukuta?"

"Ukuta nitaukandika tena. Mbuzi nitawanywesha nini?"

Nikashika jembe, nikakata mfereji kutoka bondeni hadi shimoni kwake.

"Ongeza kina," akasema.

Nyuma yangu mbuzi wake walikuwa wakimaliza nyasi nilizopanda.

Ninyi wasomaji, mngesema nini?