Jerikeni ya Ucuru Ukweni

Wacha nikiri mwenyewe kabla bibi yangu Kendi hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi: mimi, mwalimu wa kemia, nilimwagia babake uji usoni siku nilipoenda kumposa.

Kwetu Kibirichia huendi ukweni bila ucuru, yaani uji wa wimbi uliochachushwa. Mama alikuwa ameutia kwenye kibuyu na kukiziba kwa gunzi la mahindi. Mimi nikaona haya (kibuyu na suti mpya wapi na wapi), nikaumimina kwa jerikeni, nikaweka nailoni chini ya kifuniko, nikakaza mpaka mkono ukauma, eti usimwagike njiani. Mama akasema tu, "Wewe ndiwe umesoma."

Basi mimi na Mama tukateremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka Muthara kwa kina Kendi, kwenye joto, jerikeni kwa buti ya gari, na tulipoiweka mbele ya wazee ilikuwa imefura tumbo. Baba Kendi, mtu wa maneno machache ambaye bado hakuwa ameamua kama mwalimu ni wa kupewa mke, akauliza, "Mwalimu, hii nayo imekula nini?"

Ningeifungua polepole ninyamaze. Lakini nani aninyamazishe nikiulizwa sayansi? Nikasimama, nikanyoosha tai, nikawaeleza kwamba maada iko hali tatu na zote zimo humu ndani: unga ni kitu kigumu, chembe zake zimeshikana; maji ni kiowevu, chembe zinateleza; halafu kuna gesi, ambayo chembe zake hazikai na mtu, zikipata joto zinatafuta mlango. "Gesi haionekani, mzee," nikasema nikimsogezea jerikeni ili aone vizuri, "lakini ipo." Nikazungusha kifuniko.

Kifuniko kiligonga mabati. Uji ulikifuata, ukarudi wote kwa Baba Kendi: kofia, masharubu, koti la kanisa. Mama alijifunika uso kwa leso. Kendi, aliyekuwa mlangoni na sahani, akageuka akarudi jikoni, na mimi nikajua nimemkosa.

Mzee alijipangusa taratibu, akalamba mdomo, akafikiria. "Mwalimu, nilitaka kukuuliza kama utaweza kumlisha binti yangu. Naona umeanza na mimi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo, na Kendi nikapewa. Lakini tangu hapo ucuru wetu husafiri kwa kibuyu, kwa gunzi linaloacha gesi ipumue, na swali la sayansi likiulizwa ukweni namwachia Kendi. Baba Kendi naye, akiniona tu nikiingia, huvua kofia na kuiweka mbali.