Mpira wa Njuga Hautaki Vigelegele

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu wa Michezo alinikabidhi filimbi, akanionyesha uwanja, kisha akanionyesha wanafunzi wachache waliokaa chini ya ukuta wa maabara na rundo la masweta. "Wale ni wa kitengo," alisema. "Kazi yao kulinda nguo za wenzao." Nikauliza wanazilinda dhidi ya nani, maana shule nzima ilikuwa uwanjani. Akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa mengi na mipira miwili.

Mimi niliishia darasa la saba. Sekondari ile ya Ujiji iliniajiri niwe matroni na msaidizi wa michezo kwa sababu niliwahi kucheza netiboli, kwa hiyo ninyi mnaosomea kazi hii leo mnisahihishe. Kitengo ni wanafunzi wenye ulemavu. Kazi tuliiita marekebisho: humbadilishi mtoto, unabadilisha mchezo. Asiyetembea hurusha tufe ameketi. Mwenye pumu hukimbia kidogo, hupumzika, hukimbia tena. Hayo niliyapata semina, na nusu yake nadhani niliisahau.

Aliyenishinda ni asiyeona. Adela wa kidato cha pili, mama yake muuza dagaa Katonga, aliniambia wazi, "Matroni, nimechoka kunusa masweta ya watu. Nataka kucheza."

Nikaenda kwa fundi viatu wa mtaa wa Mwanga, akachana mpira mkuukuu, akajaza matambara na njuga, akaushona. Ukibingirishwa unalia. Wachezaji wote hufungwa vitambaa machoni, hata wanaoona, na wanaudaka kwa kusikia usiingie golini.

Mkuu wa Shule alisita. "Bi Tausi, akivunjika mkono nitamwambia nini mama yake?" Swali la haki. Mwisho akasema, "Mchezo mmoja, nione. Usipoendeka warudi ukutani, na usiniletee tena habari hizi."

Siku ilipofika, yeye mwenyewe, kwa nia njema, akafungulia madarasa yote yaje kushangilia. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Njuga hazijafika hata katikati, vigelegele, miluzi, ndoo zinapigwa! Adela amepiga magoti, mikono mbele, mpira ukampita pembeni. Wakaongeza kelele kumtia moyo. Wa pili nao ukampita. Nikapuliza filimbi, wakadhani ni goli.

"Unaona mwenyewe," Mkuu aliniambia, na alisikitika kweli. "Hawawezi."

Adela akavua kitambaa, utadhani ndicho kilichomzuia kuona, akazigeukia kelele. "Jamani eee! Nyie mnaonipenda, nyamazeni! Mnanizibia mpira!"

"Tunakupa moyo, dada!"

"Moyo ninao! Nipeni nafasi nisikie!"

Watu wakacheka. Mkuu akainua mkono. Ilichukua muda, maana huyu akinyamaza yule anacheka. Halafu njuga zikasikika. Adela akajitupa ubavu, akaudaka, akaukumbatia kama mtoto. Mtu akaanza kigelegele, na Mkuu mwenyewe akamkemea, "Shhh!"

"Kila Jumanne," akaniambia. Alilishika neno lake mpaka alipohamishwa.

Wakuu waliomfuata ilibidi nimwanze kila mmoja upya, kama kupalilia shamba moja kila wiki. Mmoja alisema hana maelekezo kutoka juu. Mwingine alikubali haraka, kisha akaleta wageni na matarumbeta. Siwalaumu sana, nao walikuwa na wakubwa wao. Ila nilichoka, jamani. Kuwaeleza watu wema kwamba wema wao unaziba masikio ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Siku ya kuniaga, shule iliandaa mchezo wa njuga kwa heshima yangu. Nilifurahi mpaka nilipoona spika kubwa nyuma ya goli na mshereheshaji ameshika kipaza sauti. "Mama yetu, leo tunakushangilia!" Muziki ukafunguliwa. Uwanjani wachezaji wamepiga magoti, vichwa wameviinamisha upande, wanautafuta mpira hawaupati. Mimi nipo meza kuu, shada shingoni.

Labda nilikosa adabu. Mpaka leo najiuliza. Niliinuka, nikazunguka nyuma ya goli, nikachomoa waya.