Kinga Yangu na Ile Tatu Inayovuka

Siku ya kwanza ya kazi kwa ile shule ya ualimu, hapa Baraka, Prefe, ndiye mukubwa wa shule, alinipa funguo tisa na ufagio. Akasema: "Papa Wilondja, kazi yako ni milango. Mambo ya ndani ya darasa haikuhusu." Nikaitika. Lakini mi niliacha masomo darasa la tatu, basi mikono ikifagia nje, masikio ilikuwa ndani.

Bale balimu wanafunzi walikuwa wanajifunza kufundisha aljebra, ile hesabu yenye namba moja haijulikani. Wanaiita x, na wote wanaitafuta. Namna yao ilinishangaza. Batano wanaandika somo moja pamoja. Mumoja anafundisha, bane wanakaa kwa mabenchi sawa batoto na kuandika makosa. Kisha wanazunguka meza, wanalitengeneza, somo linarudiliwa. Ndiyo somo la majaribio. Mwalimu wangu wa kule Mboko, fasi nilisomea, yeye alikuwa na fimbo tu, na alipenda sana ndagala za kukaanga, bale basamaki badogo, lakini hiyo tuiache.

Kati yao kulikuwa Riziki, binti wa Fizi huko milimani. Alikuwa ameanguka mara mbili kwa somo la majaribio. Musimamizi wa staji, ile mazoezi ya kufundisha, yule anayetoa maksi, alimwambia mbele yetu: "Mademoiselle, ukishindwa na hii, unarudilia mwaka."

Siku yenyewe mumoja wao alikuwa mugonjwa. Musimamizi akaniita: "Papa, kaa hapa. Leo we ni mutoto."

Riziki akaandika ubaoni 2x + 3 = 11. Akasema: "Tunavusha tatu ng'ambo ya alama ya sawasawa, inageuka kutoa tatu."

Nikainua kidole. "Mademoiselle, ile tatu ilikuwa muzuri upande huu. Njiani imekosea nani mpaka inafika imegeuka?"

Sadiki, muchekeshaji wao, akadakia: "Papa, imekutana na bariera ya basoda, imetozwa!"

Wakacheka. Riziki hakucheka. "Ni sheria, Papa."

"Imetoka wapi?"

Chaki ikamukatikia mukononi. Kisha wakazunguka meza, nako hakuna aliyejua. Sadiki akaacha mizaha: "Ule mustari tuliuandika sisi wote. Kosa si lake peke yake."

Musimamizi akafunga daftari. "Riziki atarudilia kesho. Munitafutie sababu."

Jioni ile nilirudi getini na mihogo juu ya kinga yangu, ile baiskeli nzee, gunia huku, gunia huku. Riziki alikuwa amekaa hapo.

"Papa, umeniua."

"Binti yangu, mi nilitaka tu kujua."

Haya ikanishika, nikatoa mihogo ya gunia la kushoto nimupe, bila kufikiri. Kinga ikalala kuume. Riziki akarukia kiti cha kinga, akaishika. "Toa na huku, Papa! Utoe sawasawa!" Akaangalia magunia, akaniangalia. "Kesho unaniazima kinga."

Kesho yake akaisimamisha mbele ya darasa. Kushoto vifuko viwili vimefungwa, kila kimoja ni x, pamoja na mihogo tatu inje. Kuume mihogo kumi na moja. Mihogo haizaliwi mapacha, tuliichagua mpaka tukachoka. Akatoa tatu za kushoto tu. Kinga ikamuangukia Musimamizi, shati yake nyeupe ikapata udongo. Akaniita nitoe tatu za kuume pia. Ikasimama.

"Papa, tatu imevuka?"

"Hapana. Haikuenda fasi yoyote. Tumeitoa pande zote mbili."

Zilibaki nane kwa vifuko viwili. Akafungua kimoja: nne. Musimamizi akajipangusa, akaandika maksi, akamupa Riziki mukono. Kinga yangu ilikaa mule darasani wiki nzima, mi nikatembea kwa miguu.

Sasa nimepumuzika na kazi. Funguo tisa nilizirudisha zote. Nilibakia na swali moja: kutoa mara kutoa inakuwaje kuongeza? Siku ya kuagana nilimuuliza Musimamizi, akasema nirudi kesho. Riziki anafundisha kwao Fizi. Nimemutumia lile swali. Amejibu: "Papa, sijui. Nashuka Jumamosi, siku ya posho. Tayarisha mihogo."

Nimeishachimba.