Nguzo ya Bibi Loyce

Kwa siku kumi na mbili Antipasi aliandika daftarini namba ileile ya nguvu ya mawimbi: hasi tisini na moja. Alisafisha viunganishi, akabadilisha waya, akapanda juu ya bati la nyumba yake pale Unyambwa na kuisogeza antena kushoto kwa upana wa kidole, kisha kulia. Hasi tisini na moja. Mawimbi yalikuwa yakifika, lakini hafifu mno kubeba hata sentensi moja.

Antipasi, fundi redio mwenye leseni ya redio ya ridhaa, alikuwa anajenga mtandao wa data usiotegemea kampuni yoyote ya simu. Upande wa pili ulikuwa kilomita thelathini na tano, Ikungi, juu ya mwamba wa Bibi Loyce. Antena ya huko ilifungwa na Mughwai, mrina asali asiyeogopa kupanda popote. Nguzo iliyoibeba ilikuwa ya bibi mwenyewe, naye alishatuma neno: kama haina kazi, Jumamosi anaing'oa ajengee banda la kuku. Mwamba mwingine unaoonana na Unyambwa haukuwepo. Antipasi alikwisha kuizungukia miamba yote.

Ijumaa alimpigia Mughwai kwa mara ya nne.

"Imekaza?"

"Imekaza."

"Inatazama huku?"

"Kaka, inatazama mlangoni kwako!"

Antipasi alifunga daftari. Kila jibu lilikuwa sahihi, na bado kazi haikuwa sahihi. Alianza kujiuliza kama miaka yote hii alikuwa anayaelewa mawimbi au ameyazoea tu.

Jumamosi asubuhi alimwacha mkewe, Theresia, mbele ya kompyuta, akaenda Ikungi. Mughwai alikuwa anamngoja pale mwambani. Bibi Loyce alikuwa ameshashika sururu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema upesi, mwanangu."

Antipasi alikuwa anatazama juu. Antena, kisanduku cheupe kirefu kama mkono, ilikuwa imelala ubavu, imefungwa waya ncha zote mbili.

"Mughwai, mbona umeilaza?"

"Sasa niisimamishe? Uliona wapi mzinga umesimama mtini?"

"Ya kwangu imesimama. Moja ikilala, nyingine ikasimama, hazisikilizani."

"Hukuniambia."

Kweli hakumwambia. Hakujua kwamba ni jambo la kuambiwa.

Mughwai alipanda, akaisimamisha. Punde Theresia akapiga simu. "Imekuwa hasi sitini na nane. Ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri! Andika kitu, kitu chochote!"

Kwenye kompyuta ya pili, aliyoipakata Antipasi na kuiunga na antena, maneno yakatokea: *Sukari imekwisha.*

Bibi Loyce alichungulia. "Ndiyo hiyo tu? Si amekupigia simu sasa hivi?"

"Simu ikikatika, bibi, hii itabaki."

"Na kuku wangu walale wapi?"

Antipasi alimgeukia Mughwai, aliyekwisha kushuka. "Kwako kuna nguzo za miti?"

"Zipo."

Antipasi alivua koti, akaipokea sururu, akauliza banda lianzie wapi.