Bomba Lililokata Kona Malakia

Mwaka jana nilipita Malakia, mtaa wa Juba, kwa shughuli zangu, nikaomba ruhusa ya kuingia uani kwetu. Ndiyo, ndugu yangu, kwetu niliingia kwa kupiga hodi. Mpangaji alinikaribisha vizuri, akanionyesha bomba jipya la plastiki, akalifungua ili nione nguvu ya maji. Nikasifu, maana alitaka sifa. Kisha nikatazama chini, pale palipokuwa na mlimau.

Tulihamia nyumba ile baada ya amani kutiwa saini, wakati watu walipokuwa wakirudi kutoka Uganda na magodoro juu ya malori. Ilikuwa nyumba ya marehemu babu. Baba aliondoka humo akiwa mgongoni mwa mama yake. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Arua, na mama yetu ni mtu wa huko huko. Bibi, tuliyemwita Haboba kama wafanyavyo watoto wa Juba, alikuwa na lugha yake na mama alikuwa na yake, basi wakasemezana Kiswahili cha sokoni. Haboba alibaki nyuma Arua kuvuna mihogo yake. Alisema hawezi kuwaachia watu.

Uani palikuwa na bomba moja la chuma. Ukilifungua lilikohoa, likatoa uzi mwembamba wa maji, likanyamaza. Jirani yetu, kwa maji yale yale ya mtaa, alijaza mapipa. Sisi tulinunua ya lori, yaliyovutwa mtoni, yenye rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyaacha yatulie kwenye pipa, na bado asida, ugali wa huko, ilikuwa na mchanga. Kaka aliumwa tumbo, akapona, akaumwa tena. Siku moja mama alisonga asida, akatupakulia, ndipo akamwambia baba kwamba maji yasipotoka kabla ya shule kufunguliwa, atachukua watoto wake arudi Arua. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Niliogopa, kwa sababu sikujua kama baba angetufuata.

Baba alifunga kamba kutoka langoni hadi kwenye bomba, akasema maji hayana sababu ya kuzunguka. Akaanza kuchimba katikati, kulitafuta bomba la chini. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, sururu ikawa inaruka. Mama alibeba udongo kwa karai, mimi na kaka tukaokota vilivyotoka: chupa, kandambili moja, kijiko. Bomba halikuonekana. Baba akachimba zaidi, kwa hasira sasa, mpaka akazama kiunoni.

Haboba aliwasili katikati ya kazi hiyo, na magunia yake ya mihogo mikavu. Hakutusalimia. Aliacha gunia lianguke langoni.

"Simama! Hapana chimba hapo. Dada yako iko hapo!"

Baba alidhani safari imemchosha. Lakini Haboba alikuja mpaka ukingoni mwa shimo, akatueleza. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, alikufa akiwa bado ananyonya, wakamzika uani ili asiwe mbali na mama yake. Babu alipokuja kuvuta maji alikataa kupitisha chuma juu ya mtoto. Akalipindisha bomba, likazunguka upande wa mlimau. Baba alitoka shimoni taratibu, akakaa kwenye kifusi. Maisha yake yote alijua yeye ndiye wa kwanza.

Tulifukia shimo kwa mikono, sururu ikawekwa kando. Kisha tukachimba chini ya mlimau. Kumbe ndiyo maana ulikuwa kijani kiangazi chote: kiungo cha kwenye kona kilikuwa kimepasuka, na mizizi imelikumbatia bomba. Spana ikagoma kabisa. Baba akaliinua bomba kwa mti, kaka akashika taa ya mkono kumulika chini, mama akaanza kuzungusha utepe wa mpira wa baiskeli, kwa kuwa alijua kukaza fundo kuliko sisi sote.

Haboba alikuwa amechuchumaa karibu. "Mama ya watoto," alisema, "wachia mtoto kidogo. Yeye iko nakunywa pia."

Mama alimtazama. Akamtazama kaka, mbavu zake nje. Kisha akafungua mzunguko mmoja wa mpira, akafunga tena, safari hii kwa kulegeza.

Maji yalitoka kwa kishindo, mekundu kwa kutu, halafu meupe. Chini ya mlimau likadondoka tone, na baadaye jingine. Mama akabandika chai. Habari za Arua hazikutajwa tena, na malimau ya mti ule tuliyakamulia kwenye samaki miaka yote tuliyokaa pale.

Haboba hayupo sasa. Sisi tuliondoka Juba tena, kila mtu na njia yake, na mama yuko Arua. Mlimau umekatwa, pamesakafiwa kwa saruji. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama pale pale uani.

"Bado inadondoka?" akauliza.

Nikamwambia hapana, fundi ameziba vizuri.

"Basi chota ndoo moja, umwagie mtoto."

Nikachota. Nikamwaga polepole juu ya saruji, maji yakatiririka kuelekea langoni. Mpangaji, mtu mwema, alidhani naosha sakafu. Akaniletea ufagio.