Kompyuta yangu ilikuwa inapata kigugumizi kila ukungu ukishuka Lushoto

Wakuu, habari za jukwaani.

Wengi humu mlizoea kuniita bro na kaka kwenye ule uzi wangu wa gemu kugandaganda. Mimi ni mwanamke, nina mtoto mmoja, na leo nimekuja na hasira. Ninayoandika yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuwadanganya.

Kaeni. Ni ndefu kidogo.

Naishi juu kidogo ya mji, njia ya kwendea Irente. Mume wangu ni dereva wa lori la mboga, anapeleka kabichi na karoti Dar, nyumbani tunamwona siku mbili kwa wiki. Safari moja akarudi na kompyuta ya mtumba, ile yenye skrini ya kisogo kirefu. Mimi nilimaliza form four nikasoma na typing, basi asubuhi nawachapia watu barua. Mchana mtoto akilala, nacheza gemu la magari.

Ndiyo, mama wa mtoto mdogo anacheza gemu. Mwenye neno aliweke mwisho wa uzi.

Aliyetuuzia alimwambia mume wangu kitu kimoja: "Huko kwenu milimani iangalie na unyevu. Unyevu ndiyo unaua hizi mashine."

Na kwetu unyevu si hadithi. Kuanzia mwezi wa sita ukungu unashuka alasiri, unaingia mpaka chini ya kitanda. Chumvi inalia maji kwenye kopo. Nepi zinakaa kambani siku tatu na bado mbichi.

Nikafanya anachofanya kila mtu huku. Ukungu ukishuka nafunga dirisha, naingiza jiko la mkaa ndani. Ila mimi jiko nililiweka sakafuni, ubavuni mwa lile boksi tunaloliita CPU, ili liikaushe.

Mlioelewa tayari, nyamazeni. Waacheni wengine wasome.

Tatizo likaanza. Asubuhi gemu linakwenda kama maji ya mfereji. Alasiri, kama nusu saa tangu nifunge dirisha, gari linakimbia, linaganda, linaruka, linaganda. Na sauti inakatika vipande vipande, mlio wa injini unakuwa kama mtu analia kwa kwikwi.

Nikaja humu. Mkasema driver, nikabadilisha. Mkasema virusi, nikascan. Nikafanya defrag, nikapiga Windows upya, nikashusha ubora wa picha mpaka magari yakawa kama matofali. Wapi! Mmoja akaniambia ninunue graphics card mpya, kana kwamba Lushoto zinauzwa sokoni fungu moja na viazi.

Mwingine akaandika: "Mkuu huko kwenu ni baridi, overheating sahau, haiwezi kuchemka. Hiyo ni moisture. Ikaushe vizuri."

Nikaikausha, wakuu. Nikaongeza mkaa. Nikaziba chini ya mlango kwa kanga ya zamani ukungu usipite. Na kadiri nilivyoikausha ndivyo kigugumizi kilivyozidi.

Nikaanza kuandika kwenye daftari kila siku gemu linavyokwenda. Siku za jua, hakuna kitu. Siku za ukungu, lazima. Nikiangalia daftari lile, ilikuwa kama ukungu na mashine vina ahadi yao.

Kuna siku gari limeganda katikati ya daraja, nikasikia naitwa jina langu. Sauti ya mwanamke, karibu kabisa, nyuma ya sikio.

Nikaitika, "Abee."

Tumefundishwa tangu wadogo, usiitike usiyemwona. Nimeshaitika. Nikageuka. Mlango umefungwa, kanga ipo palepale, mtoto amelala.

Tangu siku hiyo sikuwa tena peke yangu chumbani. Sijui niwaeleze vipi. Kuna mtu anasimama nyuma ya kiti. Gari likiganda na picha ikitulia, namwona kwenye kioo cha skrini, kivuli, upande wa kitanda cha mtoto. Nikigeuka hayupo. Kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, miguu kama si yangu. Nikitoka kuongea na jirani uwani, baada ya muda niko mzima, najicheka. Nikirudi ndani na kukaa, anarudi na yeye.

Na mtoto wangu, Mwantumu, mwaka mmoja na miezi minne, akaanza kulala sana. Akiamka anatapika, kisha analegea begani kama nguo iliyolowa.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Bumbuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona wewe na mtoto mna macho kama mmetoka msibani?"

Alasiri akakaa kitandani kunitazama ninavyocheza. Sasa hilo gemu ukikimbia peke yako, linakuwekea mbele gari linalopitisha mwanga, linalorudia mbio zako bora za nyuma ili ushindane nalo.

"Hilo gari lisilo na mtu ni la nani?"

"Ni langu mwenyewe mama. Ni mimi wa jana."

"Wa jana? Na leo anatafuta nini barabarani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kigugumizi kilipoanza akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Nyumba hii ina mtu." Asubuhi akambeba Mwantumu wakaenda Bumbuli.

Siku nne huko mtoto akawa mzima, anakimbiza kuku wa bibi yake. Akarudishwa kwangu. Siku mbili tu za ukungu, amelegea tena.

Mume wangu akanipigia akiwa njiani. "Ijumaa mama anakuja kumchukua Mwantumu. Atakaa huko huko."

"Bado ananyonya!"

"Ataachishwa. Mama ameshasema nyumba haimtaki mtoto. Na hiyo mashine uitoe."

Wakuu, nilitukana simu imeshakatika. Mwanangu aondolewe kifuani kwa sababu ya jini la kwenye kompyuta? Nikaapa kabla ya Ijumaa nitaijua hiyo hitilafu, nimuonyeshe mama mkwe kwa macho yake kwamba ni mashine tu, hakuna mtu.

Alhamisi alasiri nikamwita Fundi Hiza, mtengeneza redio wa mjini. Alifika ukungu umeshashuka zamani, jiko linawaka, mlango nimeuziba. Nikamfungulia, nikauziba tena.

Akatazama gemu linavyogandaganda. Akazima, akalaza boksi, akafungua mfuniko.

Ndani kijivu kitupu. Majivu laini kama unga, yameganda kwenye feni na kwenye zile bapa za chuma zilizo chini yake, hakuna pa hewa kupita.

"Binti, hii ni kompyuta au ni jiko la pili?"

"Naikausha, fundi."

"Unaikausha au unaibanika? Imechemka. Ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, ndiyo hicho kigugumizi chako. Hata ungenunua..."

Akashika paji la uso.

"Mbona kichwa kinaniuma na nimeingia sasa hivi?"

Akaangalia jiko. Akaangalia dirisha. Akaangalia kanga mlangoni. Halafu kitandani.

"Huyo mtoto amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nane."

"Muamshe."

Nikamtikisa. Hakuamka.

Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga ukelele ule. "Toka naye! Toka! Tulizika mume na mke kule kijijini Zirai kwa jiko kama hili, toka!" Aliponda kioo cha dirisha kwa kiti changu. Mimi nikatoka peku na Mwantumu mikononi, mpaka katikati ya ule ukungu niliokuwa naufungia nje msimu mzima.

Alikuwa mzito. Midomo myekundu. Nikampuliza usoni, nikamwita, nikamwita.

Akakohoa. Akanitapikia shingoni. Akalia, na sijawahi kupenda kilio kama kile.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki ya jirani, wakamwekea oksijeni. Daktari akanieleza kwamba mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu, huioni, huinusi. Inaleta usingizi na kichwa kuuma. Inaweza kumfanya mtu asikie sauti na aone watu. Halafu akaniambia tungechelewa kiasi gani. Hiyo siiandiki.

Kwa mliokuja kutafuta jibu la gemu tu: fundi alitoa boksi nje akasafisha feni kwa brashi ya rangi, akaliweka juu ya meza, mbali na moto. Gemu halijaganda tena. Haikuwa RAM, haikuwa driver, haikuwa graphics card.

Ijumaa mama mkwe akafika na kapu tupu la nguo za mtoto. Nikamwamkia, nikamkalisha uwani, nikamweleza yote, bila kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa na neno langu la mwisho.

"Kwa hiyo mama, hakukuwa na mtu ndani ya nyumba."



"Alikuwepo," akasema. "Ni wewe."



Hakumchukua Mwantumu. Aliweka kapu chini, akasema, "Mtoto atabaki kwa mama yake. Na mimi nitabaki." Alikaa mwezi mzima. Kila alasiri ukungu ukishuka, yeye na sweta lake karibu na dirisha lililo wazi, anatetemeka, ananiangalia mikono nisiingize jiko.

Hasira yangu nimeitafutia mtu kila upande. Aliyetuuzia, hakusema tuikaushe kwa moto. Na wewe uliyeniandikia "ikaushe vizuri", nimesoma maneno yako mara nyingi nikitafuta pa kukushika. Hukuniuliza naikausha na nini. Na mimi sikusema, maana kwetu jiko ndani si kitu cha kutajwa. Ni kama kutaja kwamba una mlango.

Nilichojifunza ni hicho. Unapoomba msaada wa tatizo, taja na yale unayoyaona ya kawaida. Mimi niliwatajia kila programu iliyomo kwenye mashine, sikuwatajia kilichomo chumbani.

Mlioko Lushoto, Njombe, Makete, Mbeya na kokote kwenye baridi: kama unasoma hapa na mkaa uko ndani, acha kusoma. Utoe nje, fungua dirisha, mwamshe aliyelala.

Akiamka, rudi unitukane. Nitajibu kila mtu.